Chora kwa mkono, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, na bibi yako anakuombea dua.

Unasema mwalimu wenu huko Paris anawalazimisha kuchora vyombo vya mezani kwa mkono, nawe waona ni kupoteza wakati maana kompyuta ipo. Mimi ni sonara, hilo siwezi kulinyamazia.

Tazama michoro ya mafundi fedha wa Ufaransa wa karne ya 18. Utakuta bakuli la supu ambalo mshikio wa kushoto umejikunja kama jani, na wa kulia umenyooka. Hakukosea mtu hapo. Fundi amemwekea mteja njia mbili kwenye karatasi moja, achague. Kalamu ya wino hutangulia, kisha hupitishwa brashi yenye wino uliozimuliwa kwa maji, kivuli kikae, tumbo la chombo lionekane limejaa kabla fedha haijapimwa.

Lakini mfuate na Juste-Aurèle Meissonnier, mbunifu wa vyombo vya fedha, mzaliwa wa Turin, Italia. Mwaka 1735 alibuni mabakuli mawili ya fedha kwa Mwingereza, Duke wa Kingston. Mwili ni kombe la bahari lililopinda, mifuniko imejaa mboga, ndege na viumbe vya majini, na hakuna upande unaofanana na mwenzake. Chombo cha namna hiyo ukichora nusu hujachora kitu. Lazima mkono wako ukizunguke chote. Moja lipo Cleveland, Marekani.

Mabakuli hayo yalipona. Mwaka 1689 mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, alipeleka vyombo vya fedha vya kasri lake vikayeyushwe vigharimie vita, na mwaka 1759 Louis XV akafanya vilevile. Kazi za miaka ya mafundi ziligeuka sarafu. Vingi katika vyombo vya enzi hizo leo twavijua kwa karatasi tu.

Mimi binafsi nampenda zaidi Jean Puiforcat, aliyefariki 1945, mtoto wa ukoo wa masonara. Hana maua wala kombe. Ana bikari, rula na hesabu ya uwiano, na buli lake limetulia kabisa.

Ukimaliza bakuli lako nitumie picha ya mchoro. Nataka kuona mshikio umeushikiza wapi tumboni, na kama fundi ataweza kupenyeza moto wa kulehemu pale bila kuunguza ulichokwisha kunakshi.

Baba yako