Kompyuta haijui kikwapa ni nini

Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba sisi mafundi wa nguo wa pwani tuachane na cherehani, tukajifunze kompyuta, kwani nguo za tayari kutoka Dubai zimekwisha kulimaliza soko. Nina miaka 22 nyuma ya cherehani hapa Langoni, Amu (Lamu), na kompyuta nilijifunza mwaka jana. Naomba nafasi nimjibu.

Nilichojifunza si kupiga chapa barua. Nachora pateni za kanzu (vipande vya karatasi vya kufuatisha unapokata nguo; vitabuni huitwa ruwaza, ila sijamsikia fundi akilitamka neno hilo), naziuza kama faili, na mnunuzi huzichapa kwao, akagandisha karatasi, akakata kitambaa. Nilianza na Inkscape, programu ya kuchorea isiyouzwa, unaipakua tu. Kisha mpwa wangu akanionyesha Valentina, ya bure pia, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Unaiandikia vipimo, na ukibadili kifua kutoka sentimita 72 hadi 76, mistari yote uliyoifunga na kifua husogea yenyewe. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbuka mjomba, Mungu amrehemu, aliyenifunza kazi. Zikizidi kanzu za Maulidi alikesha akichora kila saizi upya kwa chaki, na mimi nikimshikia taa. "Mato kwanda, mkasi nyuma," yaani macho kwanza, akinambia kila nikiharakisha.

Lakini programu hizo ukizifungua unakuta weupe mtupu. Ni wewe unayepaswa kujua kwamba kanzu ina badani, kile kipande kikuu cha mwili, ya mbele na ya nyuma, taharizi za ubavuni, kaba ya kushikiza shingo kwa ndani, sijafu mwisho wa mkono, na kikwapa, kipande kidogo cha kwapani. Kijana aliyenisaidia siku za mwanzo, hodari kweli wa kompyuta, alikiona hicho kikwapa, kijimraba kidogo kando ya mchoro, akakifuta, akidhani kidole changu kimeteleza. Nikamwambia ainue mikono yake juu, kisha nikamshika kwapani kwenye shati lake lilipovutana. Kikwapa ndicho kinachomfanya mtu anyanyue mikono bila kanzu kumpanda au kupasuka. Alikirudisha bila neno.

Hata aliyetangulia kuijenga biashara hii ya pateni za saizi mbalimbali, Ebenezer Butterick wa Marekani, alipoanza kuuza pateni zake za karatasi mwaka 1863 alikuwa fundi wa nguo. Cherehani hakuiacha kwanza ndipo akauza karatasi.

Si kwamba mimi sijaumbuka. Faili yangu ya kwanza ilikuwa kanzu ya mtoto, Sh300 kwa M-Pesa, mnunuzi mama mmoja wa Malindi. Baada ya siku nne akanipigia: "Fundi, kanzu yako yamkaba mwanangu." Nilipima mchoro wangu mara tatu, sioni kosa. Kumbe huko saiba, duka la kompyuta alikochapisha, printa iliachwa ipunguze ukurasa ili uenee kwenye karatasi, ikachapa kwa asilimia 95. Kifua kilichotakiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 80 kikatoka 76. Nilimrudishia pesa zake, na za kitambaa nikamlipa, kwa sababu kosa la printa si langu lakini kutomwonya lilikuwa langu. Sasa ukurasa wa kwanza wa kila faili una mraba wa sentimita 10. Mnunuzi auchape huo peke yake, aupime kwa rula. Ukija 9 na nusu, asiguse mkasi. Arudi saiba awaambie wachape kwa asilimia 100.

Gharama ya karatasi nayo isifichwe. Nusu ya badani ya mtu mzima (nusu yatosha, maana kitambaa hukunjwa) inakula karatasi 12 za A4, na saiba ya hapa kwetu ni Sh10 kila moja. Ama wale wanaonunua faili moja wakaigawa bure kwenye kundi zima la WhatsApp, wengine ni jamaa zangu, na hayo tutayamaliza nyumbani.

Ninalolitaka ni hili. Nimetembelea chuo kimoja cha ufundi ambapo darasa la ushonaji liko chini na la kompyuta liko juu, na katika wasichana wote niliowauliza wa ushonaji, hakuna aliyewahi kupanda ile ngazi. Huko juu wanafunzwa kuandika barua za kuomba kazi. Huku chini wanajua kukata, na hawajui kwamba mikato yao inauzika hadi kwa mtu asiyewahi kufika Amu. Programu ni za bure, kwa hivyo tusiambiwe hakuna bajeti. Na sehemu za kanzu ziandikwe kwa majina yake, badani iitwe badani. Mnunuzi wa ng'ambo tutamwekea maelezo ya Kiingereza pembeni.

Mimi niko tayari kufundisha Jumamosi mbili kila mwezi bila malipo, ila sina kompyuta. Ninayotumia ni ya mpwa wangu, naye anarudi chuoni Septemba.

Fundi wa kanzu,
Langoni, Lamu