Mwanangu, hiyo kazi ya vikundi irudishe mwanzo

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi mno kusikia wamekupa darasa la dizaini, na silabasi uliyonitumia nimeisoma yote mpaka mwisho. Ni nzuri, ila kuna kitu kimenikaa rohoni nikaona nikuandikie, maana kwenye simu tungeishia kuongea mengine. Wiki zote za mwanzo umejaza kuchora na programu za kompyuta, halafu kazi ya vikundi ukaiweka mwishoni kama pambo. Mi ningegeuza. Kuchora watajua tu, wengine watajifundisha wenyewe usiku kwenye simu zao, lakini kukaa na wenzako mbele ya tatizo ambalo hakuna hata mmoja mwenye jibu lake, hapo ndo watu wanahitaji mwalimu, na dizaini yenyewe iko hapo.

Chukua wale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2007. Walipewa kazi ya kubuni inkubeta, ile mashine ya kuwatunzia watoto joto, ya bei rahisi kwa ajili ya watoto njiti, na timu ilikuwa mchanganyiko, kuna wa biashara kuna wa uhandisi. Wangebaki darasani wangetoa kainkubeta fulani ka bei poa, wanapata maksi zao, basi. Lakini mmoja wao akaenda Nepal, na kule ikaonekana watoto wengi wanazaliwa vijijini, mbali na hospitali, sehemu ambazo hata umeme wa uhakika hakuna. Swali likageuka. Habari ya mashine ya bei gani ikaisha, wakaanza kujiuliza huyu mtoto atabakije na joto akiwa huko huko kijijini na mama yake. Kikatoka kitu kama kifuko cha kulalia, ndani kina pakiti ya kitu kama nta, unaipasha moto inatunza joto kwa masaa kadhaa. Kwa hiyo ukiandika asaimenti usiwaambie "buni begi la shule", hapo jibu umeshawapa. Waambie wakaangalie watu wanavyobeba vitu vyao na wapi wanasumbuka, halafu wakirudi wagombane kwanza kuhusu tatizo ni lipi. Wape muda wa kugombana, hata wiki nzima, na we usiingilie. Najua utawashwa kusema, nyamaza tu.

Sasa kuhusu vikundi vyenyewe, maana hapa walimu wengi wanawaweka watoto mezani wanawaambia "haya toeni mawazo", wanaondoka. Anaongea mmoja, wengine wanaitikia. Na hili lilishapimwa zamani, mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha watu wanne waliofikiri kila mtu peke yake na kundi la wanne waliokaa pamoja, wale wa peke yao wakijumlishiwa mawazo, yanayojirudia yakahesabiwa mara moja tu, bado wakawa na mengi zaidi. Mi sisomi hapo kwamba kushirikiana hakufai hata kidogo. Nasoma kwamba anza na kimya, kila mtu aandike vya kwake kwenye vikaratasi, vibandikwe ukutani bila majina, halafu ndo midomo ifunguliwe, na kazi ya pamoja iwe kuunganisha, chukua nusu ya wazo la huyu weka kwenye la yule. Hapo hata yule mpole wa nyuma kabisa yumo ndani.

Wakishapata wazo watengeneze siku hiyo hiyo, kwa maboksi na gundi, kitu kibaya kibaya hivyo. Kuna mradi ulianza 1981 kule Skandinavia unaitwa UTOPIA, watafiti na wafanyakazi wa uchapaji wa magazeti walikaa pamoja kubuni kompyuta za kazini kwao, na wakatumia maboksi matupu badala ya mashine zenyewe, moja likaandikwa tu printa ya leza. Yule mchapaji hajui kompyuta lakini kazi yake anaijua, akisogeza boksi anakwambia hapana, hii hapa itanizuia mkono. Kitu kilichong'arishwa watu wanakionea aibu kukikosoa, boksi hakuna anayeliogopa. Kwa hiyo walete darasani watu watakaotumia hivyo vitu, mapema, sio siku ya prezentesheni wakati kila kitu kimeshaganda.

Na maksi, tafadhali, usiwape kundi zima alama ileile. Aliyebeba kazi ataumia na aliyelala atacheka. Kila mtu akuandikie ukurasa wake, mawazo gani waliyaacha na kwa nini, nani alimbadilisha mawazo na kwa lipi. Ukurasa huo upe maksi nyingi kuliko kile kitu cha mwisho, hata kama kimetoka kizuri sana.

Ukishaibadilisha silabasi nitumie tena, hasa ile asaimenti ya kwanza, nataka kuona umeliuliza vipi swali kabla hujawapa.

Mama yako