Wauguzi wanaorudi chuoni wafunguliwe maabara jioni

Ndugu Mhariri,

Nafundisha anatomia na fiziolojia kwa wauguzi wenye cheti waliorudi chuoni kusomea stashahada. Wengi wana miaka thelathini na kitu au arobaini, wana watoto, wana zamu za usiku, na baiolojia waliiachia kidato cha nne. Wakifeli mtihani wa kwanza, husikia wakiambiwa kuwa umri umewatupa mkono. Si kweli, na kauli hiyo inawavunja moyo watu ambao wodi zetu zinawategemea.

Mkunga aliyekwisha kuwachoma kinamama wengi sindano ya homoni ya oksitosini, uniti 10, mara tu mtoto anapozaliwa ili mama asipoteze damu nyingi, ameusikia kwa kiganja chake mji wa mimba ukijikaza. Halafu tunamsomea orodha ya homoni za tezi ya pituitari kana kwamba hajapata kukutana nazo! Tuanzie wodini. Mji ule ulikaza kwa nini? Hapo ndipo tupande hadi haipothalamasi, sehemu ya ubongo inakotengenezwa oksitosini, kisha pituitari inakotolewa kuingia kwenye damu. Mbona hutoka pia mtoto anaponyonya, na tumbo la mama likamsokota? Nimeona darasa lililosinzia baada ya zamu likiamka kwa swali hilo, watu wakabishana wenyewe kwa wenyewe. Figo nazo ni vivyo hivyo. Anayempa mgonjwa furosemaidi anajua kwamba atakojoa sana na potasiamu yake inaweza kushuka. Kilichobaki ni kumwonyesha kitanzi cha Henle, yaani sehemu ya vijirija vya figo iliyojipinda, dawa inapofanyia kazi.

Sisemi mtihani ulegezwe. Wenyewe hawaombi hivyo.

Wanachokosa ni muda wa kushika vitu. Mifupa 206 haisomeki kwa picha ya simu, lakini vyuo vingine hufunga maabara saa kumi alasiri, wakati anayetoka zamu ya asubuhi ndiyo kwanza yuko kwenye daladala. Wakuu wa vyuo, fungueni hadi saa mbili usiku, na Jumamosi pia, mumlipe mtunza maabara posho yake. Na matroni wanaopanga zamu, nawasihi sana: waulizeni ratiba zao za mitihani, msimweke mtu zamu ya usiku wa kuamkia mtihani.

Mkufunzi wa uuguzi,
Morogoro