Barua kwa wazazi: kufunga muhula wa kwanza, na tuzo ya wacheza briji

Tukuyu, Juni

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam kutoka shuleni. Muhula umekwisha na watoto wanarudi nyumbani wakiwa wazima. Ripoti wanazo mkononi. Zisomeni pamoja nao, mtie saini, nao wazirudishe siku ya kufungua. Kidato cha Nne wanabaki kambini kama tulivyokubaliana kwenye kikao. Mahindi na maharage mliyochangia yametufikisha mwisho wa muhula bila mtoto kulala njaa. Asanteni sana.

Jambo ninalotaka kuwaeleza kwa kirefu ni la klabu ya briji. Masika ya huku Rungwe mnayajua: uwanja ulikuwa tope tupu, michezo ya jioni ikasimama, na mwalimu wetu wa Hisabati akawakusanya watoto bwaloni akawafundisha briji. Baadhi yenu mlipiga simu kuuliza kwa nini shule inafundisha karata. Mlikuwa na haki ya kuuliza, maana kamari ya vijiweni imeharibu vijana wengi. Hapa hakuna shilingi inayowekwa mezani, wala kalamu, wala andazi. Wanacheza wanne, wawili wawili, wenza wakikaa kwa kutazamana. Karata ni 52, kila mmoja anapata 13. Kwanza wananadi, yaani jozi inatamka itashinda mizunguko mingapi kati ya 13 (mzunguko ni kila mmoja kutoa karata moja) na turufu, yaani aina ya karata inayozishinda nyingine, itakuwa ipi. Kisha inacheza ili kutimiza ilichoahidi. Ni mchezo wa kuhesabu, kukumbuka na kufikiri, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inautambua kuwa mchezo kamili.

Ugumu wake ni kwamba unamtegemea mwenzako, lakini huruhusiwi kumwashiria chochote. Ukikunja uso, ukiguna, ukisita makusudi ili akuelewe, umevunja sheria. Sheria hizohizo zinamtaka mchezaji awe na adabu wakati wote, kwa mwenza wake na kwa wapinzani. Kwa hiyo mtoto anayetaka kusaidia hana budi kujifunza kwamba msaada una wakati wake. Karata zikiwa mkononi ananyamaza. Zikishawekwa chini ndipo anamwelekeza mwenzake, tena kwa upole, maana mwenza aliyefokewa mbele ya watu atacheza raundi inayofuata kwa woga.

Niliketi bwaloni jioni moja nikaona jambo ambalo nataka mzazi wake alisome hapa, ingawa jina silitaji. Kijana wa Kidato cha Pili alitakiwa kutoa kopa, maana mzunguko ulianzishwa kwa kopa na mwenye nayo lazima aitoe. Akatoa uru, akiamini kopa zimemwishia. Mizunguko miwili baadaye akaigundua kopa moja imejificha nyuma ya uru mkononi mwake, zote nyekundu. Wapinzani hawakuwa wameona. Sheria za briji zinakataza kuficha kosa la namna hiyo, ila likishapita hivyo hazimlazimishi aliyelitenda kulitangaza. Yeye aliweka karata zake kifudifudi, akanyoosha mkono, akamwita mwalimu. Wakanyang'anywa mzunguko mmoja, na kwa huo mmoja wakashindwa kutimiza ahadi yao. Mwenza wake, binti wa darasa hilohilo, alimwambia tu, "Sawa, tugawe nyingine."

Nawapongeza wote wawili kwa uzito uleule, maana ukweli wa kijana ungeumiza kama binti angenuna.

Tuzo yenyewe ya klabu, ya aliyewasaidia wenzake zaidi, ilikwenda kwa mwanafunzi mwingine. Kila Ijumaa mwalimu aliwapa watoto vipande vya karatasi waandike jina la mtu mmoja aliyewasaidia wiki hiyo, asiwe mwenza wao, na wavitie kwenye boksi la chaki. Jina la binti mmoja wa Kidato cha Tatu lilijirudia kuliko mengine yote. Si bingwa wa klabu. Ila watoto wa Kidato cha Kwanza, waliotoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili huko msingi, walikuwa wanakwama kwenye maneno ya mnada yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Huyu alikaa nao, akawaeleza kwa Kiswahili, kisha akawasubiri wayaseme wenyewe kwa Kiingereza. Wakikosea, anarudia. Mwalimu wa Kiingereza ameniambia wawili kati ya watoto hao sasa wananyoosha mkono darasani. Tumempa cheti, kaunta buku na mkebe wa Hisabati, mbele ya shule nzima.

Wapo walioniambia tuzo ya namna hii itawalegeza watoto, kwamba zawadi ni ya mshindi. Sikubaliani nao. Shirikisho la Briji la Dunia, lililoanzishwa mwaka 1958, lina tuzo ya vijana yenye jina la Joan Gerard, Mmarekani aliyeutumikia sana mchezo huu, na inatolewa kwenye mashindano ya dunia ya vijana kwa kutazama uungwana, bidii na moyo wa kushirikiana na vijana wa mataifa mengine. Wanaocheza kwa ushindani mkali kabisa wameona haja ya kumtambua muungwana. Sisi huku Tukuyu hatujakosea kufanya hivyo, na muhula ujao tutaipeleka tuzo hii kwenye mpira wa miguu, netiboli na kwaya.

Ombi langu likizo hii: mtoto akiwaambia amejifunza briji, mpeni nafasi awafundishe wadogo zake, na mkae karibu mtazame. Mkiona pesa imeingia mezani, kusanyeni karata hizo na mnijulishe.

Shule itafunguliwa tarehe iliyoandikwa kwenye ripoti. Julai huku ni baridi kali, hivyo kila mtoto aje na sweta na blanketi zito. Wanaotoka Kyela na Matema, ambako joto huwasahaulisha, wakumbusheni mapema.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule