Barua kwa mwanangu anayekwenda Makete

Neema mwanangu,

Hongera kwa kazi. Baba yako ameshaitangaza Kihesa nzima.

Ila juzi kwenye simu ulisema vidole vya miguu vina "ganzi kidogo tu", ukahamia kwenye mshahara. Mimi nilibaki kwenye ganzi. Una sukari tangu darasa la sita, na kazi yangu ni kuwarudisha watu kutembea. Neno hilo halinipiti.

Ngozi ya mguu haipo kwa ajili ya maumivu tu. Kila hatua inaupasha habari uti wa mgongo, na msuli unajibu kulingana na mguu ulipofika. Mwaka 1990, Jaynie Yang na Richard Stein wa Kanada waliwatembeza watu huku wakiupa mshipa wa fahamu wa kifundoni mshtuko mdogo wa umeme, usioumiza. Mguu ukiwa ndio unanyanyuka, msuli wa mbele ya muundi ulikaza zaidi. Ukikaribia kutua, mshtuko uleule uliulegeza. Ndivyo mwili unavyojiokoa: kwanza kidole kiinuke kisijikwae, kisha unyayo ushuke ushike ardhi. Kisiki kikigusa juu ya mguu ulio hewani, goti nalo hukunjwa ili uvuke. Yote hayo kabla hujawaza.

Sasa ngozi ikifa ganzi, nani atapeleka habari? Na wewe unakwenda kwenye matuta ya viazi, tope na miteremko, nawe ni mbishi wa kuvaa ndala popote. Shambani vaa mabuti, na kabla ya kuvaa ingiza mkono upapase ndani.

Baridi ya Juni itakapokuja, watakuita usogeze miguu kwenye jiko la mkaa. Usisogeze, Neema. Nimewaona wanaoletwa wodini na malengelenge wasiyojua yametoka wapi. Vaa soksi mbili.

Kabla hujasafiri pita kliniki ya sukari wakuguse nyayo kwa ule uzi wa plastiki, waone kama bado zinahisi. Usiniambie muda hakuna. Wa saluni umepatikana.

Ulezi nimeshasaga, kilo tano. Blanketi la kijivu chukua, la bluu mwachie mdogo wako. Bati la jikoni bado linavuja, fundi anasema Alhamisi. Kioo cha kukagulia nyayo kila usiku kipo mfuko wa pembeni wa begi.

Ukifika nipigie, na unitajie umevaa nini miguuni.

Mama yako