Barua kwa mwanangu: habari za fundi mwenzangu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi wazima, cherehani inazunguka, na gauni lako la mahafali nimeshalikata. Limebaki kuungwa mikono na kupigwa pindo.

Siku ya Idi uliponiambia hutajiandikisha kwenye daftari la wapiga kura, nilinyamaza. Ulisema kura ya mtu mmoja ni punje kwenye gunia. Sikutaka kukujibu mbele ya wageni, lakini maneno yale yamenikaa moyoni mpaka leo. Jibu langu ni habari za fundi mmoja.

Aliitwa William Cuffay. Alizaliwa Chatham, Uingereza, mwaka 1788. Baba yake aliwahi kuwa mtumwa katika kisiwa cha St Kitts, huko Karibea. Cuffay alikuwa mfupi sana, mgongo na miguu yake ikiwa na kasoro, naye akajifunza kushona. Alishona nguo za watu London hadi mwaka 1834, mafundi cherehani walipogoma wakidai kupunguziwa saa za kazi na kuongezwa ujira. Mgomo ulivunjika, naye akapoteza kazi.

Miaka miwili kabla ya hapo Bunge lao lilikuwa limepanua haki ya kura, lakini kwa wenye mali tu. Mjini ilibidi mtu awe na nyumba ambayo kodi yake kwa mwaka ingefika pauni 10. Wafanyakazi waliojaza viwanja kudai mabadiliko hayo walibaki nje ya mlango. Hata wale wenye kura walipiga hadharani: unapanda jukwaani, unamtaja kwa sauti unayemchagua, huku mwajiri wako na mwenye nyumba wako wanakusikiliza. Hebu nifikirie mimi nimesimama pale mbele ya mwenye fremu, na kodi yake nimeichelewesha miezi miwili.

Mwezi wa Mei 1838 madai ya wafanyakazi hao yakachapishwa, wakayaita Mkataba wa Watu, naye Cuffay akawa mmoja wa waliouunga mkono. Kila mwanamume aliyetimiza miaka 21 apige kura, tena kwa siri. Mbunge asiulizwe mali, na alipwe mshahara, maana fundi gani ataacha sindano aende kukaa Bungeni bure? Majimbo yalingane, na uchaguzi ufanyike kila mwaka.

Utaniuliza, na wanawake je? Waliachwa. William Lovett, seremala aliyeshiriki kuuandika Mkataba, alipenda wawemo, ila ikahofiwa kwamba hilo lingeangusha madai yote. Mimi naona walikosea sana. Wanawake walikuwa kwenye mikutano yao, walikuwa kwenye maandamano, na walitia sahihi kama waume zao. Walisubiri hadi 1918, tena waliofikisha miaka 30 tu, na wakawa sawa na wanaume mwaka 1928.

Maombi yao ya mwaka 1839 yalipelekwa Bungeni na sahihi zaidi ya milioni moja, yakakataliwa. Novemba mwaka huohuo, huko Newport, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji, na watu wapatao ishirini wakafa. Mwaka 1842 sahihi zilipita milioni tatu. Yakakataliwa tena.

Kisha ikaja tarehe 10 Aprili 1848. Cuffay alikuwa kwenye kamati ya kusimamia maandamano kutoka uwanja wa Kennington, ng'ambo ya mto, hadi Bungeni. Malkia aliondolewa London akapelekwa kisiwani, na maelfu ya raia wakaapishwa kuwa askari wa muda. Polisi walipokataza maandamano yasivuke daraja, kiongozi wao Feargus O'Connor alikubali. Cuffay alikasirika waziwazi. Maombi yakapelekwa kwa magari matatu ya farasi, bila umma nyuma yake. Walikuwa wamejigamba kuwa na sahihi karibu milioni sita. Makarani wa Bunge wakahesabu chini ya milioni mbili, na ndani yake majina ya mzaha. Wabunge walicheka. Hapo ndipo ninapoumia, mwanangu, kwa sababu hesabu ile ya aibu ilikuwa na jina la mfumaji aliyechoka na la mchimba makaa aliyejifunza kuandika ukubwani, wote wamechekwa pamoja.

Agosti mwaka huo Cuffay alikamatwa kwa kula njama za uasi, na ushahidi ukatolewa na kachero aliyejipenyeza kati yao. Mahakamani alidai ahukumiwe na watu wa hali yake. Alisafirishwa kama mfungwa hadi Tasmania, kisiwa cha Australia, akiwa na miaka sitini na ushee. Aliposamehewa mwaka 1856 hakurudi. Aliendelea kushona na kutetea wafanyakazi, akafa huko mwaka 1870 katika makazi ya maskini.

Mwaka ule aliosamehewa, Tasmania ilianza kura ya siri. Uingereza iliiga mwaka 1872, na yeye ameshafariki miaka miwili. Wabunge wao walianza kulipwa mwaka 1911. Dai ambalo halikutimia ni lile la uchaguzi wa kila mwaka tu.

Na sisi? Waingereza haohao, mwaka 1958, walituletea hapa Tanganyika uchaguzi wa masharti: uwe na kipato, au elimu, au cheo. Juu yake ikawekwa kura tatu, mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU walibishana vikali Tabora kabla ya kukubali kushiriki. Babu yako, aliyenifundisha mimi cherehani, hakuwa na kipato kile wala cheti. Alikuwa na mke, watoto na mafundi wawili chini yake, akabaki barazani akiwashonea wateja waliokwenda kupiga kura. Kura yake ya kwanza aliipiga nchi ikiwa huru, na siku ile alivaa koti alilolishona mwenyewe. Lipo kwenye sanduku la mama yako. Ukija nitakuonyesha.

Uandikishaji bado haujafungwa. Nijibu umeamuaje, na uniambie pia mikono ya gauni iwe mirefu au robo tatu, maana Alhamisi nataka kuiunga.

Wako akupendaye,
Baba