Duka la dawa la mtaani linabanwa

Mhariri,

Nina duka dogo la dawa Kayole. Kila mwisho wa mwaka, leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu inapokaribia kuisha, hujiuliza kama nilipe tena au nigeuze chumba kiwe cha kuuza simu. Sifanyi mzaha.

Dawa zetu nyingi hutoka nje, hasa India. Mapema 2024 dola ilipofika takriban Sh160, wauzaji wa jumla walipandisha bei papo hapo. Shilingi ikajikaza hadi karibu Sh130 mwaka huo huo, lakini bei nyingi ninazonunulia hazikurudi chini. Mteja haelewi hayo, na simlaumu. Amekuja na Sh50 mkononi.

Maduka yenye matawi mengi hununua kwa wingi na kupewa punguzo ambalo mimi hulisikia tu. Faida yao nyingine ni losheni na maziwa ya watoto. Ila saa nne usiku mtoto akishikwa na homa, mlango unaogongwa ni wangu.

Bima nayo? Kampuni moja ilikalia kwa miezi mitano pesa za dawa nilizowapa wateja wake. Mwenye nyumba hakungoja hata wiki.

Wenzangu, mbona tusiunde chama cha ushirika tununue pamoja, kama wakulima wa maziwa? Barabara yetu moja ina maduka sita, na kila asubuhi bodaboda sita huenda mjini kuchukua dawa zile zile.

Mwenye duka la dawa,
Kayole, Nairobi